Nilikaa ndani miaka 18 kwa kifungo cha miaka 7. Ile mingine nani aliihesabu?

Mtu wa Nanyamba (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wakuu. Kusoma humu nimesoma sana, kuandika ni mara ya kwanza. Simu kaninunulia mpwa wangu, mnivumilie.

Nilikamatwa Novemba 2004, msimu wa korosho umepamba moto. Nilitoka Februari 2023. Kila anayenijua upya ananiuliza nilifungwa miaka mingapi. Kwenye karatasi ni 7.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa kwenye uraka, ile pombe ya mabibo, ukazuka ugomvi wa deni la kangomba, ule ununuzi wa korosho wa kienyeji, nikampiga mwenzangu kwa mpini wa jembe. Siku ya tatu akafariki. Kumpiga sikukataa polisi, sikukataa mahakamani na hapa sikatai. Nilichokataa ni kwamba nilikusudia kumuua. Kesi ikaandikwa mauaji, na mauaji hayana dhamana. Nikakaa mahabusu mpaka 2010, Mahakama Kuu ikanihukumu kunyongwa. Nikakata rufani. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ikasema kesi haikuendeshwa sawasawa kwa sababu wazee wa baraza, wale waliokaa na jaji kumshauri, hawakuelekezwa inavyotakiwa. Ikafuta mwenendo wote, ikaamuru kesi ianze upya. Kwa hiyo sikuachiwa. Nikavua nguo za mfungwa nikarudi kuwa mahabusu, kama mtu aliyekamatwa jana. Juni 2018 jaji mwingine akanitia hatiani kwa kuua bila kukusudia: miaka 7, kuanzia siku ile. Nikapunguziwa theluthi kwa mwenendo mwema, nikatoka.

Watu wakitaja dhuluma ya gerezani wanataja kipigo, chawa, dona na maharage yenye wadudu, kulala mchongoma mmepangana ubavu kwa ubavu, akitaka kugeuka mmoja mnageuka wote. Vyote nimevipitia. Lakini adhabu ina hesabu. Unaijua wewe, anaijua afande, anaijua nyapara, yule mfungwa anayesimamia wenzake. Kusubiri hakuna hesabu. Kwa miaka 13 na zaidi nilikuwa nasubiri karatasi: jalada la upelelezi, tarehe ya kikao, nakala ya hukumu, mwenendo wa kesi, tarehe ya rufani, kisha vyote hivyo tena kwa mara ya pili. Nauliza wenye kujua: ile miaka inadaiwa nani?

Kuchele Kuchele
Mtwara kuchele! Pole sana mzee wangu. Naweka kambi hapa.

Binti Shangani
Pole baba. Swali moja kabla wajuvi hawajafika: huyo jaji wa 2018 alipokupa 7, hakutoa ile uliyokwisha kukaa?

Mtu wa Nanyamba
Alisema amezingatia. Alilisema mbele ya watu wote, nikamshukuru. Baadaye nikiwa selo ndiyo nikaanza kujiuliza: kama amezingatia zaidi ya 13 na bado zimebaki 7, basi kwenye kichwa chake kosa langu lilikuwa la miaka zaidi ya 20.

Hesabu za Mezani
Mzee twende na namba. Mfungwa akipunguziwa theluthi anakaa theluthi mbili. Wewe umekaa 18. Ili mtu akae 18 kamili kwa utaratibu huo anatakiwa awe amehukumiwa miaka 27. Muuaji wa bila kukusudia aliyehukumiwa 27 siku ileile uliyokamatwa mngetoka pamoja.

Hapa ndipo penye shimo ambalo sijasikia mtu akilisema: msamaha wa theluthi unahesabiwa kwenye kifungo peke yake. Siku ya mahabusu haipunguzwi hata uwe malaika. Kwa hiyo siku moja ya mtu ambaye sheria bado inamhesabu hana hatia ni ndefu kuliko siku ya mfungwa.

Kisiwa cha Msimbati
Hesabu za Mezani umeupiga mwingi. Hilo la mwisho nimelisoma mara tatu.

Msaidizi wa Sheria, Masasi
Nasaidia watu kisheria vijijini, si wakili. Niweke mambo mawili matatu sawa.

Dhamana: mauaji yamo kwenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana, kile kifungu kilichozoeleka kama 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Wamo pia unyang'anyi wa kutumia silaha, uhaini, utakatishaji fedha. Hakimu wa wilaya hana mamlaka ya kuisikiliza kesi ya mauaji. Kazi yake ni kuitaja na kuiahirisha mpaka upelelezi ukamilike, ndipo aihamishie Mahakama Kuu. Ndiyo maana unasikia "upelelezi haujakamilika" kila baada ya siku 14. Anayeyasema maneno hayo mbele yako hana uwezo wa kukuachia.

Adhabu: ukipatikana na hatia ya mauaji, jaji hachagui. Ni kunyongwa tu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ilisema mwaka 2019 kwamba kumfunga jaji mikono namna hiyo kunakiuka haki ya kuishi. Ila kuua bila kukusudia ukomo wake ni maisha, chini ya hapo jaji ana uhuru. Ndiyo maana mzee alitoka kwenye kitanzi akaangukia miaka 7, kwa tukio lilelile.

Kwa hiyo jibu langu: inadaiwa sheria. Sheria ndiyo iliyoruhusu kusubiri kusiwe na mwisho.

Dafu la Mikindani
Kwani kitanzi bado kinatumika? Nasikia mara ya mwisho ni 1995.

Msaidizi wa Sheria, Masasi
1994. Tangu hapo hukumu zinaendelea kutolewa, hakuna aliyenyongwa.

Mtu wa Nanyamba
Sisi tuliokuwa kule hatukuijua 1994 kama mnavyoijua nyie. Tulijua mlango. Ukifunguliwa saa isiyo yake, kila mtu anakaa kimya mpaka ajue umefunguliwa kwa nini. Miaka mitano.

Karani wa Zamani
Nimefanya kazi masjala ya mahakama miaka mingi, sasa nimestaafu, nalima ufuta. Sitasema ni mahakama ipi.

Mzee wa Nanyamba, umesema karatasi. Nikwambie karatasi zinavyotengenezwa. Zamani zile jaji au hakimu aliandika kila neno la shahidi kwa mkono wake. Shahidi anasema kwa Kiswahili, akifika kwenye mambo mazito anaingiza Kimakonde au Kiyao, mkalimani anageuza, jaji anaandika kwa Kiingereza. Baadaye sisi tunapewa ule mwandiko tuuchape. Kuna mwandiko ukiutazama unaweza kulia. Kurasa mia mbili, mpiga chapa mmoja, mashine moja, umeme ukikatika mnakaa. Jaji kahamishwa kanda nyingine, kuna neno halisomeki, barua inatumwa kumuuliza. Kesi zilizopangwa wiki ile zinatangulia, za rufani zinangoja kwa sababu mwenyewe yuko ndani hawezi kuja dirishani kupiga kelele.

Aliyekuja dirishani alipata. Sisemi kwa rushwa. Nasema binadamu anamhudumia anayemwona. Mfungwa haonekani.

Sikuwahi kuificha nakala ya mtu. Lakini zipo nilizoziona zimekaa kwenye kabati na sikuuliza. Hilo linanirudia usiku.

Mtu wa Nanyamba
Karani, asante kwa kusema. Barua zangu za kuomba mwenendo nilizihesabu. Ziliondoka 11. Niliandikiwa na kijana mmoja wa kidato cha nne, mimi niliishia la saba. Sabuni moja kwa barua moja. Hukumu ilipofika ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Nilikaa na karatasi inayosema ninyongwe kwa nini, na sikuweza kuisoma. Yule kijana alinitafsiria kwa siku nne, akifika kwenye neno gumu anaruka.

Msaidizi wa Sheria, Masasi
Sheria ilibadilishwa 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Hukumu za mahakama za juu bado nyingi zinatoka kwa Kiingereza.

Kuchele Kuchele
Sabuni moja kwa barua! Huyo kijana angekuwa mtaani angekuwa na ofisi na kiyoyozi.

Afande wa Zamani, Lindi
Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimevaa magwanda ya Magereza zaidi ya miaka 25.

Kila uzi wa jela lawama inaishia kwetu. Gereza ni kama ghala la chama cha msingi. Mimi mtunza ghala sipangi bei ya korosho wala siku ya mnada. Ninapokea mzigo na hati yake, ninautoa kwa hati. Hati ya mahakama ikisema mrudishe tarehe fulani, namrudisha. Nikimwachia mtu kwa huruma, kesho ninalala naye selo. Mimi nimeona mahabusu wanaingia vijana wanatoka na mvi, na kila mara tulipopeleka orodha ya waliokaa muda mrefu kwa wakubwa waliotembelea gereza, waliandika kwenye madaftari yao. Jaji mfawidhi anakuja kukagua, tunamwonyesha, anauliza upande wa mashtaka, wanajibu shahidi hapatikani, kahamia mashamba ya Msumbiji.

Halafu karandinga. Watu hawajui. Gari moja, wilaya mbili, mafuta ya kubahatisha. Kuna siku kesi haisikilizwi kwa sababu mshitakiwa hakuletwa, na hakuletwa kwa sababu gari limelala. Kwenye jalada inaandikwa tu "imeahirishwa". Miezi inakwenda hivyo. Mimi nasema ni umaskini wa nchi.

Kisiwa cha Msimbati
Afande kwa heshima yako, umaskini wa nchi mbona hauwagusi wenye pesa? Nilikaa mahabusu miezi 9 kwa kesi ya wizi wa korosho za ghalani, nikaachiwa kwa kukosa ushahidi. Humo ndani kulikuwa na tajiri mmoja, kesi kubwa kuliko yangu mara mia. Alilala karibu na dirisha, peke yake, godoro. Sisi tuliokuwa karibu na ndoo tulikuwa watu wa kuiba gunia. Nyapara ndiye aliyepanga. Nani alimpa nyapara ruhusa ya kupanga? Na tarehe za mahakamani huyo tajiri hakukosa gari hata siku moja.

Afande wa Zamani, Lindi
Hilo la nyapara sibishi. Askari mmoja na selo ya watu themanini, usiku, unategemea nyapara. Ukimtegemea mtu lazima umwachie mambo. Si sawa. Nasema lilivyokuwa.

Dafu la Mikindani
Mimi naona tunazunguka. Tatizo ni wakili. Mwenye wakili wake kesi inakwenda. Wa serikali unakutana naye asubuhi ya kesi anakuuliza "wewe ndiye nani?"

Mtu wa Nanyamba
Wa kwanza ndivyo alivyoniuliza. Dakika kumi, kwenye benchi. Wa pili, mwaka 2018, alikuja gerezani mara mbili, akaniuliza mpini ulikuwa wa mti gani, mzito au mwepesi. Nikajiuliza kwa nini anauliza. Ni swali hilo ndilo lililoniondoa kwenye mauaji. Lingeulizwa 2010.

Hesabu za Mezani
Mzee, mwaka 2017, Desemba 9, Rais Magufuli alisamehe wafungwa 8,157, na humo walikuwamo 61 waliohukumiwa kunyongwa. Mwanamuziki Babu Seya na mwanawe walitoka siku ile. Wewe ulikuwa wapi?

Mtu wa Nanyamba
Nilikuwa mahabusu huku Kusini, nasubiri kesi ianze upya. Msamaha wa Rais ni kwa aliyehukumiwa. Mimi siku ile sikuwa na hukumu. Redio ilisoma, tukasikia. Kuna mtu niliyelala naye chumba kimoja kule kwa wa kunyongwa, rufani yake ilikuwa imekataliwa kabisa. Alitoka. Mimi niliyeshinda rufani nilibaki.

Sikumwonea wivu, alikuwa mzee. Lakini siku tatu sikula.

Binti Shangani
Ee Mola. Baba, hilo ungeliweka kwenye kichwa cha uzi.

Ndugu wa Marehemu
Nimesoma yote kimyakimya tangu juzi. Mimi ni wa Nachingwea. Kaka yangu aliuawa 2011. Walikamatwa watatu. Miaka minne tunakwenda mahakamani, tunauza mbaazi tupate nauli, tunaambiwa upelelezi haujakamilika. Halafu siku moja tukaambiwa DPP, yule Mkurugenzi wa Mashtaka, ameiondoa kesi. Hakuna aliyetueleza. Watatu wale tunakutana nao gulioni.

Kwenye uzi huu kila mtu anamwambia mwanzisha pole. Mimi simchukii, ila aliyepigwa mpini alikuwa na mama. Naye anasubiri kitu gani? Yeye hata siku 14 hapangiwi. Mnahesabu miaka ya aliyekuwa ndani, ya aliyekuwa kaburini hakuna anayeihesabu.

Kuchele Kuchele
Dada, hapa nakaa kimya.

Kisiwa cha Msimbati
Lakini dada, hao watatu wangekaa miaka 18 ndipo waachiwe, ungepata nini?

Ndugu wa Marehemu
Ningepata jibu la ndiyo au hapana. Hata hapana. Wewe umeachiwa kwa kukosa ushahidi, una karatasi inasema huna hatia. Mimi sina karatasi yoyote.

Mtu wa Nanyamba
Dada wa Nachingwea, umesema haki. Nilipotoka, wiki ya pili nilikwenda kwa mama yake marehemu na mjomba wangu na sheikh. Alikuwa hai. Alinitazama muda mrefu. Akaniuliza kwa nini imechukua muda wote huu kwenda kumwambia. Nikamwambia nilikuwa ndani. Akasema, "Mimi sikuambiwa kesi iliishaje. Nilidhani ulishanyongwa zamani."

Kumbe 2010 aliitwa kutoa ushahidi, kesi ya pili hakuitwa wala kuarifiwa. Ndiyo maana nimeandika uzi. Karatasi zile zilininyima mimi na zikamnyima yeye.

Ndugu wa Marehemu
Nimekusoma.

Mke wa Mtu
Niongeze upande wa tuliobaki nje. Mume wangu alihamishiwa gereza la mkoa wa mbali. Enzi hizo kipande cha Ndundu hadi Somanga hakijawekwa lami, masika basi linalala njiani siku mbili, tunashuka tunasukuma na kanga kiunoni. Unafika umechoka, unaonana naye kwenye wavu dakika chache, kelele za watu kumi wanaongea pamoja. Nilikwenda mara nne kwa miaka tisa. Watoto wakaniuliza kama baba anakataa kuja. Nani aliamua ahamishwe mbali na kwao? Hilo nalo ni adhabu na haikuandikwa kwenye hukumu.

Afande wa Zamani, Lindi
Dada, wenye vifungo virefu hupelekwa magereza yenye ulinzi mkubwa, huku kwetu ni machache. Ila kweli familia hawaulizwi.

Dafu la Mikindani
Si kuna parole? Mtu akikaa theluthi ya kifungo anatoka, hata wa maisha.

Msaidizi wa Sheria, Masasi
Hapana mkuu. Sheria ya Bodi za Parole ni ya 1994. Theluthi ndiyo, lakini kifungo cha maisha hakimo, na unyang'anyi wa silaha pia hapana. Wenye vifungo virefu kuliko wote ndio walioachwa nje. Na mahabusu hata hatajwi.

Nyongeza: mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, mtu asifikishwe mahakamani mpaka upelelezi ukamilike. Watu wakashangilia. Someni vizuri: makosa makubwa yakiwemo ya kusikilizwa na Mahakama Kuu yameachwa. Mwaka uliofuata ile Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake kwa Rais, Julai 2023, na mambo haya ya kubambikiwa kesi na upelelezi kuchelewa yamo.

Mwalimu wa Madrasa, Kilwa
Assalaam aleykum. Wengine mnatafuta mdaiwa duniani. Yapo yaliyoandikwa. Mzee alimpiga mtu, mtu akafa. Huenda miaka ile ndiyo iliyomlea akaweza kwenda kwa yule mama.

Mtu wa Nanyamba
Ustadhi, waaleykum salaam. Kwa nafsi yangu nakubali. Lakini nililala na kijana wa Tandahimba aliyekaa mahabusu miaka sita, akaachiwa hana hatia, akakuta mama yake amekufa na mikorosho imeuzwa. Yeye alikuwa akilelewa kwa kosa gani?

Hesabu za Mezani
Mikorosho yako mzee uliikuta?

Mtu wa Nanyamba
Niliacha 60, michanga, niliipanda mwenyewe 2001. Kaka yangu aliihudumia, Mungu amlipe. Sasa ni mikubwa kiasi kwamba nilipofika nilipotea ndani ya shamba langu mwenyewe. Nilikaa chini ya mmoja mpaka mpwa wangu akaja kunitafuta.

Kuchele Kuchele
Msimu huu ukivuna utuletee mabibo humu. Na watu wa Lindi wasije na magunia, tunawajua!

Afande wa Zamani, Lindi
Kijana, Lindi tuna zetu, na ufuta juu. Nyie mje na adabu tu.

Mdogo Mtu Newala
Samahani wakubwa, narudisha uzi nyuma. Kaka yangu yuko mahabusu mwaka wa nne, mauaji, walikamatwa watu watano kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Jumatatu inatajwa tena. Nifanye nini cha maana?

Msaidizi wa Sheria, Masasi
Andika namba ya kesi na kila tarehe ya kuahirishwa na sababu iliyotolewa. Zote. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii wilayani kuhusu msaada wa kisheria, sheria yake ipo tangu 2017. Barua yako ielekee ofisi ya mashtaka ya mkoa, upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Karani wa Zamani
Na uende dirishani mwenyewe. Kila wiki. Uonekane.

Kisiwa cha Msimbati
Tafuta hela kijana, huo ndiyo ukweli.

Mtu wa Nanyamba
Mpelekee sabuni, kalamu mbili na daftari. Aanze kuandika sasa anachokikumbuka, nani alisimama wapi, nani alishika nini. Mimi nilipoulizwa uzito wa mpini ilikuwa miaka 13 imepita, ilibidi nifumbe macho.

Mdogo Mtu Newala
Mrejesho wa Jumatatu. Hawakuletwa. Tulikaa chini ya mwembe pale mahakamani mpaka saa nane mchana, familia tano. Karani akatoka akasoma majina, imeahirishwa siku 14. Nimeuliza sababu ili niandike kama mlivyosema, akasema gari. Nimeandika "gari". Daftari na kalamu nimeziacha getini, afande amepokea.